Gari la Toleo Jipya: Ununue Mwaka wa Kwanza au Usubiri? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila toleo jipya linapoanza kuonekana barabarani. Wengine wanaouliza wanaagiza mtumba kutoka Japani, wengine wanataka kusaini karatasi za gari la kilomita sifuri. Majibu yameandikwa zaidi kwa walioko Tanzania na Kenya, ila mengi yanamfaa yeyote anayenunua gari mahali ambapo kiwanda kiko mbali na fundi yuko jirani.

## Mambo ya msingi

"Mwaka wa kwanza" wa gari ni upi hasa?

Iko miwili, na wengi huhesabu mmoja tu. Kuna wa kiwandani, yaani kama miezi kumi na miwili tangu toleo lianze kuuzwa. Honda Fit ya toleo la tatu iliingia sokoni Japani Septemba 2013. Kwa hiyo iliyoundwa kabla ya Septemba 2014 ni ya mwaka wa kwanza, hata kama namba yake ya Nairobi au Dar es Salaam imefungwa jana.

Halafu kuna mwaka wa kwanza wa mtaani kwetu: toleo limeshafika bandarini, lakini fundi bado hajalifungua, muuza spea hajaleta vitu vyake, na mwenye mashine ya kupima hana programu inayolisoma vizuri. Huo haufuati kalenda, unaweza kuvuta hata miaka mitatu. Kwa maoni yangu huu wa pili ndio unaomaliza watu pesa, na ndio usiozungumzwa.

Nipe jibu fupi: ninunue au nisubiri?

Injini au giaboksi ikiwa ni mpya kabisa, subiri. Bodi ikiwa mpya lakini injini na giaboksi ni zile ambazo mafundi wamezizoea, usiogope. Gari likiwa ndilo la kukutafutia riziki, subiri kwa vyovyote vile. Mengine yote kwenye ukurasa huu ni ufafanuzi wa sentensi hizo tatu.

Si magari hujaribiwa miaka na miaka kabla ya kuuzwa? Kwa nini ya mwanzo yasumbue?

Hujaribiwa kweli, kwenye barafu, jangwani na milimani. Lakini magari mengi ya majaribio hukusanywa taratibu na watu wanaojua wanachokifanya. Uzalishaji wa kawaida ukianza, mashine zinakimbia, wasambazaji wa vipuri wanaleta maelfu kwa maelfu, na kosa dogo la siku moja linaingia kwenye magari mengi kabla mtu hajaliona.

Toyota Tundra mpya ilitoka kama gari la mwaka 2022 ikiwa na injini mpya ya V6 yenye tabo mbili. Mei 2024 Toyota ikaita takriban magari 102,000 nchini Marekani (kuita, au wito, ni kampuni kuyarudisha magari kwa wakala yarekebishwe bure), Tundra pamoja na Lexus LX za 2022 na 2023, kwa sababu vipande vya chuma vilivyobaki wakati wa kuchonga injini huenda havikusafishwa vyote. Vikikaa ndani, vinakula bearingi za kreki shafti, na injini inaweza kuzima barabarani. Angalia muda uliopita: kama miaka miwili tangu magari ya kwanza yauzwe. Aliyesubiri miezi sita tu hakuwa amesubiri kitu.

Siku hizi kuna na programu. Volkswagen Golf ya nane ilisimamishwa kukabidhiwa kwa wateja Mei 2020 kwa sababu ya kasoro kwenye programu ya mfumo wa kuita msaada wa dharura. Gari zima lilikuwa tayari, limekwama kwa kitu usichoweza kukigusa kwa spana.

Mimi ni mtu wa Toyota. Toyota haina mambo hayo, au sivyo?

Tundra hapo juu ni Toyota. Na bZ4X, gari la umeme la kampuni hiyohiyo, lilianza kuuzwa 2022, na Juni mwaka huohuo yakaitwa magari kama 2,700 duniani kwa sababu boliti za magurudumu zingeweza kulegea mpaka gurudumu likachomoka. Wenye magari waliambiwa wasiyaendeshe kabisa, na suluhisho halikupatikana hadi Oktoba. Boliti za magurudumu! Kitu ambacho kijana wa pancha anakikaza huku anapiga soga.

Sisemi Toyota ni mbaya. Sifa yake imejengwa na magari yaliyokaa sokoni muda mrefu bila kubadilishwa sana, na sifa hiyo haihamii yenyewe kwenye injini iliyozaliwa jana.

## Ukiagiza mtumba

Naagiza gari lenye miaka sita au saba. Hili la mwaka wa kwanza linanihusu vipi?

Linakuhusu kuliko unavyodhani, ila una faida ambayo mnunuzi wa Tokyo hakuwa nayo: madhaifu ya gari hilo yameshajulikana na kuandikwa. Kazi yako ni kuyasoma kabla ya kutuma pesa.

Turudi kwa Honda Fit ya 2013. Ile ya haibridi (petroli na umeme), ambayo namba yake ya chasi inaanza na GP5, ilikuja na giaboksi mpya ya klachi mbili za kukauka (zisizopozwa kwa oili), gia saba, na mota ya umeme ndani yake. Kati ya Oktoba 2013 na Oktoba 2014 iliitwa mara 5. Zaidi ya wito mmoja ulihusu programu ya kuendesha mfumo huo. Aibu ilikuwa kubwa kiasi kwamba rais wa Honda wa wakati huo, Takanobu Ito, na wakurugenzi wenzake walikatwa sehemu ya mishahara yao.

Magari hayohayo ndiyo yaliyokuja kujaa kwenye yadi zetu, kwa sababu yalikuwa mazuri, yanakunywa mafuta kidogo, na bei yake mnadani ilikuwa imeshuka. Mnunuzi anaona bei tamu na kilomita chache. Hajiulizi kwa nini ni tamu. Kisha gari linaingia kwenye foleni ya Ubungo au ya Mombasa Road, linasogea hatua, linasimama, linasogea tena, jua la saa nane likiwa juu. Klachi ya kukauka haipendi kabisa uendeshaji wa namna hiyo; inapata moto, gari linaanza kutikisika likiondoka, na siku moja kioo cha dashibodi kinakuambia giaboksi imechemka, simama.

Fit ya toleo hilohilo yenye injini ya 1.3 isiyo haibridi (GK3) inatumia CVT ya kawaida (giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua), na haikubeba mzigo huo. Gari moja, mwaka mmoja, sura moja. Tofauti yote iko kwenye herufi mbili za mwanzo wa namba ya chasi.

Nitajuaje gari lilitoka kiwandani mwezi gani?

Usitegemee mwaka wa kuandikishwa. Gari linaweza kuundwa Novemba, likakaa kwa muuzaji, likaandikishwa Februari, na tangazo likasomeka mwaka unaofuata. Nchini Kenya kanuni ya kutoingiza gari lenye zaidi ya miaka 8 huhesabu tangu gari lilipoandikishwa mara ya kwanza, kwa hiyo tarehe hiyo ndiyo inayotangazwa sana. Tanzania hesabu ya umri kwa ajili ya ushuru hufuata mwaka wa kutengenezwa. Hata hivyo mwaka peke yake haukutoshi hapa, unachotaka ni mwezi.

Chukua namba ya chasi iingize kwenye katalogi za vipuri za mtandaoni. Nyingi zitakutajia mwezi na mwaka wa kuundwa. Gari likiwa tayari liko yadi, vuta mkanda wa usalama wa dereva mpaka mwisho wake, au chungulia chini kabisa pale unapofungwa kwenye bodi. Kuna kitambaa kidogo cheupe kilichoshonwa, na mara nyingi kimeandikwa tarehe ya kutengenezwa mkanda. Linganisha na mikanda mingine. Mitatu ikisema mwezi mmoja na wa nne ukawa wa miaka miwili baadaye, acha habari za mwaka wa kwanza, uliza gari hilo liligonga nini.

Nitajuaje kama liliitwa, na kama lilirekebishwa?

Watengenezaji wa Japani wana kurasa za kuingiza namba ya chasi na kuona miito yote ya gari hilo na kama kazi ilifanyika. Kurasa ni za Kijapani, ila kitafsiri cha simu kinatosha. Magari ya soko la Japani hayana ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17, kwa hiyo tovuti ya Marekani haitakusaidia. Hiyo ni ya magari ya kule. Gari likitoka Uingereza, serikali ya huko ina ukurasa unaotumia namba ya usajili, hivyo mwombe muuzaji picha inayoonyesha kibao.

Fanya hivi kabla ya kulipa. Gari likiwa bado Japani, muuzaji anaweza kulipeleka kwa wakala wa kampuni likafanyiwa kazi bure. Likishavuka bahari, wakala wa hapa anaweza kukuambia gari hilo hakuliuza yeye, nawe ukaanza safari ya barua pepe zisizojibiwa.

Basi ni bora nichukue iliyofanyiwa feslifti?

Mara nyingi ndiyo, lakini si kwa sababu ya taa mpya na bampa. Marekebisho ya katikati ya uhai wa toleo ndipo kiwanda hupata nafasi ya kuingiza kila kilichojifunza. Ila uliza kilichobadilika chini ya boneti. Fit ilifanyiwa feslifti 2017 na haibridi ikaendelea na giaboksi ileile ya klachi mbili, ikiwa imeboreshwa. Kuachwa kabisa iliachwa toleo lililofuata, mwaka 2020.

## Spea, mafundi na mafuta

Kwa nini spea za toleo jipya ni ghali hivyo, hata taa tu?

Kwa sababu soko letu la spea linalishwa na magari yaliyokufa. Taa unayoinunua Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, ilikuwa kwenye gari lililogongwa Japani, likafunguliwa, likapakiwa kwenye kontena. Toleo lenye miezi minane halijagongwa vya kutosha. Hakuna kontena. Kinachobaki ni kipya kutoka kwa wakala, au kuagiza na kusubiri.

Jaribio rahisi kuliko ushauri wote: kabla ya kununua gari, nenda dukani ukaulize vitu vitano kama vile gari ni lako tayari. Taa ya mbele ya kushoto, kioo cha pembeni, bampa ya mbele, shokapu, na pampu ya maji. Usiulize "zipo?" maana jibu la dukani siku zote ni "zipo bosi, kaa kidogo". Omba uione. Kijana akirudi na taa mkononi, toleo hilo limeshafika mjini. Akirudi na simu sikioni akimuuliza mtu Dubai, unajua uko wapi.

Fundi wangu ni mzuri. Haitoshi?

Muulize ameshafungua ngapi za injini hiyo, siyo za kampuni hiyo. Fundi mkweli atakuambia hajaifungua. Huyo ni wa kushika, lakini gari lako ndilo litakalokuwa darasa lake. Uliza pia mashine yake ya kupima inaingia mpaka giaboksi na breki, au inasoma injini tu na kufuta kodi (namba za hitilafu). Kufuta kodi si matengenezo; ni kuzima taa ya dashibodi ili ikawake kwa mwenzako.

Nataka dizeli mpya. Kuna la ziada la kuangalia?

Lipo, na ni kubwa. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zilihamia dizeli ya salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni Januari 2015. Ni hatua nzuri mno ukilinganisha na ilivyokuwa kabla. Lakini dizeli mpya za soko la Japani na Ulaya zimeundwa kwa mafuta ya sehemu 10, na zina kichujio cha masizi, kile mafundi wanachokiita DPF, ambacho hujisafisha kwa kuchoma masizi gari likiwa katika mwendo mrefu. Safari za shule na sokoni hazikipi nafasi hiyo.

Injini ya Toyota ya 2.8 (1GD), iliyotoka 2015, inafundisha. Australia, wenye Prado, Hilux na Fortuner zilizouzwa kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020 walikwenda mahakamani kwa sababu ya mfumo huo wa kichujio: moshi mweupe, harufu, gari linalodai kujisafisha bila kikomo. Mwaka 2022 mahakama ya shirikisho ikakubali kwamba mfumo ulikuwa na kasoro. Injini yenyewe ni imara, ila "mwaka wa kwanza" wa kichujio chake ulidumu karibu mitano.

Ukinunua kwa wakala wa nchini, uliza kama gari limeandaliwa kwa mafuta ya huku. Ukiagiza la Japani, chukulia halijaandaliwa.

## Kilomita sifuri kutoka kwa wakala

Waranti si inanilinda?

Inalinda mfuko wako kwenye vilivyoandikwa, haikurudishii siku. Gari likilala gereji wiki tatu likisubiri kipuri cha bure, hizo wiki ni zako. Kabla ya kusaini, omba majibu ya maandishi: nani hulipa kulivuta gari likizimia Singida au Voi, unapewa gari mbadala au hupewi, na sevisi ikifanyika kwa fundi wa nje waranti inakufa au haifi. Muuzaji akijibu yote kwa mdomo na tabasamu, hujajibiwa.

Bei itashuka nikisubiri mwaka mmoja?

Kwa gari jipya la wakala, bei iliyoandikwa haishuki sana, kinacholegea ni muuzaji. Msisimko wa uzinduzi ukipoa ndipo zinapotokea sevisi za bure na nafasi ya kuvutana. Kwa mtumba, toleo likianza kurudi minadani Japani kwa wingi bei huteremka. Toleo likiwa na sifa mbaya huteremka zaidi, na hapo rudi kwenye habari ya Fit hapo juu kabla ya kushangilia.

Na gari la umeme la toleo la kwanza?

Hapa mimi ni mgumu zaidi. Nissan Leaf ilianza kuuzwa Desemba 2010 bila mfumo wa kupooza betri. Kufikia 2012 wenye nazo kwenye joto la Arizona walianza kulalamika kwamba vipimo vya uwezo wa betri vinapungua mapema, na Nissan ikalazimika kuongeza waranti ya uwezo wa betri huko Marekani. Mikoa ya Pwani na Mombasa si jangwa, lakini joto halina likizo. Leaf ya miaka ya mwanzo inayouzwa leo kwa bei ya chini, hesabu vipande vya uwezo vilivyobaki kwenye dashibodi. Vikiwa vyote ni 12. Ukiona 8, unanunua viti vizuri.

## Hali za pembeni

Gari ni jipya lakini naambiwa injini ni ya zamani. Nilichukulie kuwa jipya au la zamani?

Lihesabu kama la zamani kwa injini na jipya kwa kilichobaki. Land Cruiser 250, mrithi wa Prado 150, ilianza kuuzwa Japani Aprili 2024. Ya petroli ina injini ya 2.7 (2TR), ambayo mafundi wa hapa wanaijua kutoka kwenye Hiace na Prado za nyuma, imekuwepo tangu 2004. Ya dizeli ina 1GD ileile tuliyoizungumza, lakini giaboksi ya gia nane. Kwa hiyo ndani ya toleo moja, petroli ina kidogo cha kukushtua na dizeli ina zaidi. Umeme na bodi ni vipya kwa zote, na swali la taa na bampa liko palepale.

Kinyume chake ni Yaris iliyochukua nafasi ya Vitz Japani Februari 2020. Ndogo, ya kawaida, haina vitisho. Lakini ile ya 1.5 ilibadilika karibu yote: muundo wa chini, injini ya silinda tatu, hata jina. Ukubwa wa gari haukuambii kiasi cha upya wake.

Jina ni tofauti, kampuni ni tofauti. Tatizo linaweza kuwa lilelile?

Ndiyo. bZ4X ilipoitwa, Subaru Solterra iliitwa pia, kwa kuwa ni ndugu wa kiwanda. Honda Vezel ya haibridi iliyotoka Desemba 2013 ilibeba mfumo wa klachi mbili wa Fit. Tafuta kodi ya injini (jina lake la kiwandani, kama 1GD) na aina ya giaboksi, usitafute jina lililobandikwa nyuma.

Naendesha teksi ya programu. Abiria wanapenda gari jipya.

Wanapenda, lakini hawalipi rejesho lako siku gari limelala. Chukua lile ambalo wenzako kijiweni wanalo kumi na tano. Kama ni la mkopo, ndiyo kabisa.

Kuna gari lililoanza vibaya likaja kuwa zuri?

Mengi. Mercedes A-Class ilizinduliwa 1997, na Oktoba mwaka huo jarida moja la Sweden liliipindua kwenye jaribio la kukwepa kitu ghafla barabarani. Mercedes ilisimamisha kukabidhi magari, ikairekebisha na kuifunga mfumo wa kudhibiti utelezi kwenye kila moja, wakati huo ni kitu cha magari ya bei mbaya. A-Class zilizofuata zilikuwa salama kuliko nyingi za rika lake. Aliyesubiri alipata gari bora, na alilipiwa na waliotangulia.

Nimeshanunua. Nifanyeje sasa?

Usiliuze kwa hofu. Ingiza namba ya chasi kwenye ukurasa wa miito kila baada ya miezi mitatu au minne, kwa sababu wito huweza kuja miaka baada ya kununua, kama Tundra ilivyoonyesha. Mwaga oili mapema kuliko kitabu kinavyosema. Ukisikia mlio au mtikisiko usio wa kawaida, urekodi kwa simu siku hiyohiyo, ukionyesha kilomita kwenye dashibodi. Gari lina tabia ya kutulia ukifika kwa wakala. Jiunge na makundi ya wenye toleo hilo, hasa ya nchi ambako lilitangulia kuuzwa, maana wanakutana na matatizo kabla yako. Risiti zote za sevisi zihifadhi, pamoja na karatasi ya mnada na uthibitisho wa kazi ya wito ikiwa ilifanyika. Siku ya kuuza, mnunuzi aliyesoma ukurasa kama huu ataziulizia kabla hajauliza bei.